Hugo Pratt: Mwana wa Askari Aliyechora Bahari Isiyo na Mipaka

Utangulizi

Ni wachache miongoni mwa wachoraji wa hadithi za katuni waliozaliwa Italia katika karne ya 20 waliosafiri mbali kama Hugo Pratt. Aliishi Venice, Addis Ababa, Buenos Aires, London na Paris, na hatimaye akazikwa Uswisi. Jina lake aghalabu hutajwa sambamba na la mhusika wake mkuu, Corto Maltese, nahodha asiye na merikebu ambaye huzunguka dunia bila bendera wala bwana. Ulaya nzima humjua Pratt kwa mhusika huyo. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hata hivyo, maisha ya msanii huyu yana uzito wa namna nyingine. Pratt alikulia Ethiopia wakati nchi hiyo ilipokuwa imekaliwa na majeshi ya Mussolini. Akiwa kijana mdogo aliushuhudia utawala huo ukianguka mbele ya majeshi ambayo ndani yake mlikuwa na askari wa KAR, na miaka thelathini baadaye kalamu yake ikairudia Pembe ya Afrika na kuteremka hadi bonde la Rufiji.

Swali linalozuka katika maisha hayo si dogo. Je, mtoto wa mvamizi aweza kuisimulia nchi iliyovamiwa kwa haki? Wanafunzi wa fasihi wamezoea kuliuliza swali hili wanapowasoma waandishi wa kikoloni. Ni nadra kuulizwa juu ya mchoraji wa katuni, pengine kwa sababu katuni bado huhesabiwa na wengi kuwa mchezo wa watoto. Pratt mwenyewe aliutumia umri wake wote kuipinga dhana hiyo.

Utotoni: Venice na Ethiopia

Hugo Pratt alizaliwa tarehe 15 Juni 1927 karibu na Rimini, katika pwani ya mashariki ya Italia, lakini alilelewa Venice. Venice ni mji wa bandari ambao kwa karne nyingi ulifanya biashara na Waarabu, Waturuki na Wagiriki, na ukapokea watu wa dini na lugha tofauti. Nyumbani kwao mlikuwa na masimulizi mengi. Babu yake mzaa mama alitunga mashairi kwa lahaja ya Venice, na mama yake, Evelina Genero, alipenda elimu za siri na utabiri. Baba yake, Rolando Pratt, alikuwa askari.

Mwezi Oktoba 1935, Italia iliivamia Ethiopia, na mwezi Mei 1936 majeshi yake yakaingia Addis Ababa. Mussolini alitangaza kwamba himaya ya Kirumi imezaliwa upya. Rolando Pratt alikuwa mmoja wa wale waliokwenda kuihudumia himaya hiyo. Mwaka 1937, Evelina na mwanawe mwenye umri wa miaka kumi walimfuata. Huo ndio mwaka ambao, mwezi Februari, baada ya jaribio la kumuua mtawala wa Kiitalia Rodolfo Graziani, maelfu ya wakazi wa Addis Ababa waliuawa kwa kisasi katika muda wa siku chache. Hugo alifika katika nchi ambayo kidonda chake kilikuwa kingali kibichi.

Maisha ya mtoto wa mkoloni yalikuwa na raha zake: shule ya Kiitalia, watumishi na sare. Hata hivyo, kwa masimulizi yake ya baadaye, kijana huyo alivutiwa zaidi na yaliyokuwa nje ya ua: vijana wa Kiethiopia aliofanya nao urafiki, mashujaa wa Pembe ya Afrika, farasi, ngamia na majangwa. Alisimulia pia kwamba baba yake alimwandikisha katika polisi ya kikoloni angali kijana mdogo mno, akavishwa sare ambayo haikumwenea. Pratt alikuwa fundi wa kuyatia chumvi maisha yake, na msomaji makini hana budi kuyapima masimulizi hayo. Jambo lisilo na shaka ni kwamba mtoto huyo alisimama upande wa wenye bunduki, huku macho yake yakitazama upande wa pili.

Anguko la himaya

Himaya hiyo haikudumu. Mapema mwaka 1941, majeshi ya Waingereza yalianza safari kutoka Kenya, yakavuka mto Juba, yakaitwaa Mogadishu mwezi Februari, kisha yakapanda kuelekea Harar na Dire Dawa. Katika safu zake walikuwamo Waafrika Kusini, Wanaijeria, na vikosi vya KAR vilivyokuwa na vijana kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Tarehe 6 Aprili 1941, Addis Ababa iliangukia mikononi mwao, na tarehe 5 Mei Maliki Haile Selassie akarejea katika mji wake mkuu. Wanafunzi wa isimu jamii wanaijua lugha ya vikosi hivyo. Ni ile lahaja ya kijeshi iitwayo KiKAR. Kwa hiyo Kiswahili, katika sura yake ya kambini, kilikuwa mojawapo ya lugha za jeshi lililoivunja dunia ya utotoni ya Hugo Pratt.

Rolando Pratt alitekwa mwaka 1941, na mwishoni mwa mwaka 1942 alifariki kwa maradhi akiwa mfungwa wa vita. Hugo alieleza kwamba kabla ya kutengana naye, baba yake alimkabidhi kitabu cha Robert Louis Stevenson ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Mama na mwana walizuiliwa katika kambi ya Dire Dawa. Hapo kambini, kijana huyo alinunua vitabu vya katuni kutoka kwa walinzi. Ndivyo alivyoanza kuisoma sanaa ambayo ingekuwa kazi yake: katika karatasi chakavu za Kimarekani, nyuma ya seng'enge, katika nchi ambayo wazazi wake walikuja kuitawala.

Wengi wa Waitalia waliotekwa katika vita hivyo walipelekwa Kenya. Kanisa dogo la Mai Mahiu, lililojengwa na wafungwa hao mwaka 1942 kando ya barabara inayoteremka Bonde la Ufa, limebaki kuwa kumbukumbu yao. Hugo na mama yake walirudishwa Italia mwaka 1943 kwa msaada wa Msalaba Mwekundu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Alikuwa amekwisha kumpoteza baba, na amekwisha kuiona himaya ikizaliwa na kufa.

Buenos Aires: shule ya kazi

Vita vilipomalizika, Venice ilijaa askari wa mataifa mengi pamoja na muziki na magazeti yao. Mwaka 1945, Pratt alijiunga na vijana wenzake, akiwamo Mario Faustinelli na Alberto Ongaro, wakaanzisha jarida la katuni lililopewa jina la shujaa wake mkuu, Asso di Picche. Jarida hilo halikudumu miaka mingi, lakini lilisomwa mbali. Mchapishaji mmoja wa Argentina aliwaalika vijana hao Buenos Aires, na mwaka 1949 Pratt akavuka bahari.

Argentina ndiyo iliyomfanya kuwa msanii aliyekomaa. Huko alimkuta Héctor Germán Oesterheld, mwandishi wa hadithi za katuni aliyeamini kwamba masimulizi ya kusisimua yaweza kubeba maadili mazito. Mwaka 1953 wawili hao walianza kuchapisha hadithi za Sajini Kirk. Kirk ni askari wa Kimarekani ambaye, baada ya kushiriki katika mauaji ya Wahindi Wekundu, anaiasi sare yake na kwenda kuishi na wale aliotumwa kuwaua. Si vigumu kuona kwa nini hadithi hiyo ilimgusa mchoraji aliyevishwa sare ya wavamizi akiwa mtoto. Mwaka 1957 ikafuata Ernie Pike, inayomhusu mwandishi wa habari za vita anayeyatazama mapigano bila kushangilia upande wowote. Pratt alimpa mhusika huyo uso wa Oesterheld mwenyewe. Katika hadithi hizo, adui ana mama, ana hofu, na aghalabu hufa bila kujua sababu.

Hapa hapana budi kutaja doa. Baadhi ya hadithi hizo zilipochapishwa tena Ulaya katika miaka iliyofuata, jina la Oesterheld liliachwa, nalo la Pratt likabaki peke yake. Mwandishi huyo alitoweshwa na utawala wa kijeshi wa Argentina mwaka 1977, na binti zake wanne pia waliangamia mikononi mwa utawala huo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ubinadamu wa Sajini Kirk na Ernie Pike ulitoka kwanza katika kalamu ya Oesterheld, na Pratt alijifunza kwake jinsi ya kuandika.

Somo hilo lilianza kuzaa matunda mwaka 1959, Pratt alipochora na kuandika peke yake hadithi za Anna, msichana wa Kizungu anayeishi Afrika katika mkesha wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Uchoraji ni wa kupendeza, lakini mtazamo haujakomaa. Afrika ya hadithi hizo ingali Afrika ya ngoma za usiku, wachawi na askari wa Kizungu wanaokuja kuokoa. Mchoraji alikuwa ameishi katika bara hilo miaka sita, na bado alilichora kwa macho ya vitabu alivyovisoma.

Kuzaliwa kwa Corto Maltese

Baada ya kufanya kazi London kwa muda, Pratt alirejea Italia mwaka 1962. Alichorea gazeti la watoto la Corriere dei Piccoli, na miongoni mwa kazi zake humo ni ile riwaya ya Stevenson aliyopewa na baba yake. Mwaka 1967 alikutana na Florenzo Ivaldi, mfanyabiashara wa mji wa Genova aliyependa katuni, nao wakaanzisha jarida lililoitwa Sgt. Kirk. Katika toleo la kwanza, mwezi Julai 1967, ilianza kutoka hadithi ndefu ya Una ballata del mare salato, yaani utenzi wa bahari ya chumvi. Hadithi hiyo ilimalizika mwaka 1969.

Matukio yake yako katika Bahari ya Pasifiki kuanzia mwaka 1913. Corto Maltese anaonekana kwa mara ya kwanza akiwa amefungwa juu ya chelezo, ameachwa afe katikati ya bahari. Hakuna dalili kwamba huyo ndiye shujaa. Ni mmoja tu kati ya wahusika wengi: maharamia, maafisa wa Kijerumani, watoto wa tajiri waliopotea, na Wamaori ambao wanaijua bahari kuliko wote. Baadaye Pratt alimjengea nasaba. Corto alizaliwa Malta mwaka 1887, baba yake akiwa baharia wa Kiingereza na mama yake mwanamke wa Kijipsi kutoka Seville. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa utotoni kuwa kiganja chake hakina mstari wa bahati, aliuchukua wembe wa baba yake akajichanja mstari huo mwenyewe. Mtu wa damu mbili, asiye na taifa, anayejiandikia majaliwa: huyo ndiye jibu la Pratt kwa karne iliyomlea kwa bendera na magwaride.

Mwaka 1970 Pratt alihamia Ufaransa, akawa akichorea jarida la Pif Gadget lililokuwa na uhusiano na chama cha Kikomunisti. Hadi mwaka 1973 alikuwa amechapisha humo hadithi fupi 21 za Corto, zilizomtembeza nahodha huyo Karibiani, Brazili, Ireland na Pembe ya Afrika. Uhusiano huo ulivunjika mwaka 1973, kwani wahariri walimwona kuwa mtu asiyefungwa na itikadi yoyote. Mwaka 1976, tamasha la katuni la Angoulême liliitunuku ile hadithi ya kwanza ya Corto.

Kurejea Afrika

Kati ya hadithi hizo fupi, nne zilikusanywa baadaye chini ya jina la Le etiopiche, yaani masimulizi ya Kiethiopia. Zinatokea mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ya kwanza inaanzia Uarabuni, nyingine zinapita Somalia ya Waingereza na Ethiopia, na ya mwisho inafika Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambamo Corto anakumbana na chama cha siri cha watu-chui wa Rufiji. Sambamba na hizo, tangu mwaka 1969, Pratt alichora Gli scorpioni del deserto, mfululizo kuhusu Vita vya Pili vya Dunia katika Afrika ya Kaskazini na Pembe ya Afrika, mlemle alimokulia.

Tofauti kati ya kazi hizi na hadithi za Anna ni kubwa. Anayezitawala ni Cush, mpiganaji Mwislamu wa Pembe ya Afrika ambaye anaonekana katika mfululizo wote wawili. Cush si mtumishi wa Corto wala mpambe wake. Ana imani yake, ana vita vyake dhidi ya Waingereza na Waitalia, na humkosoa Corto bila kumwogopa. Mara nyingi yeye ndiye anayejua, na Mzungu ndiye anayefuata. Maafisa wa kikoloni, kwa upande wao, wanachorwa wakiwa wamechoka, wakitetea vituo vya mbali ambavyo hawajui tena maana yake. Kijana aliyezuiliwa Dire Dawa alikuwa amekua, na hatimaye alikuwa ameanza kukitoa kile alichokuwa amekiona.

Hata hivyo, mhakiki wa Kiafrika ana haki ya kuuliza zaidi. Chama cha watu-chui wa Rufiji ni zao la hofu na ndoto za Wazungu kuhusu Afrika, hata kama Pratt amekipa kazi ya kutoa haki pale mahakama za kikoloni ziliposhindwa. Corto huingia na kutoka katika kila nchi apendavyo, uhuru ambao Cush hana. Wanawake wa Kiafrika katika kurasa hizo ni wachache, na aghalabu huzungukwa na fumbo. Pratt alimpa Mwafrika heshima, silaha na kauli, lakini macho yanayotazama yalibaki kuwa ya msafiri. Hilo halifuti thamani ya kazi yake. Linaonyesha mahali ilipokomea.

Sanaa ya kimya

Kifani, mwalimu wa kwanza wa Pratt alikuwa Mmarekani Milton Caniff, ambaye alimfunza kuijaza karatasi kwa vivuli vizito vya brashi na wino mweusi. Kadiri miaka ilivyosonga, Pratt aliipunguza mistari yake. Bahari ikawa mkwaruzo mmoja, shakwe wakawa alama chache hewani, jangwa likawa karatasi tupu. Kurasa nzima hupita bila neno hata moja. Msomaji huachwa na uso, moshi wa sigara, kisha upeo wa macho.

Wanafunzi wa ushairi hawatashangazwa na mbinu hiyo. Ni ufupisho uleule unaomfanya mshairi aache neno ili msomaji alijaze. Pratt alishikilia kwamba kazi yake ni fasihi iliyochorwa, na alistahili kusikilizwa. Hadithi zake zina msuko, wahusika wanaobadilika, taharuki, kinaya na mwingilianomatini, kwani Corto hukutana na watu waliopata kuishi kweli na hutembea na vitabu mfukoni. Masimulizi yanayobebwa na picha na maneno kwa pamoja yanahitaji uhakiki unaovisoma vyote viwili, wala si kukitenga kimoja kuwa pambo la kingine.

Miaka ya mwisho

Kuanzia mwaka 1974 Pratt alichora safari ndefu ya Corto kule Siberia, na mwaka 1977 akaikamilisha hadithi ya Venice, mji wa utoto wake. Alimwandikia Milo Manara, mchoraji wa Kiitalia wa kizazi kilichofuata, hadithi mbili ndefu, moja ya mwaka 1983 na nyingine ya mwaka 1991. Mwaka 1984 alihamia Grandvaux, kijiji kilicho juu ya ziwa la Geneva, akaishi humo na maktaba yake ya maelfu ya vitabu. Safari ya mwisho ya Corto, kuelekea bara lililozama la Mu, ilimalizika kuchapishwa mwaka 1991.

Hugo Pratt alifariki tarehe 20 Agosti 1995 kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka 68. Mwaka 2005 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya tuzo za Will Eisner nchini Marekani. Mwaka 2015, Wahispania Juan Díaz Canales na Rubén Pellejero walianza kumwandikia na kumchora Corto upya, ishara kwamba mhusika amemzidi umri muumba wake.

Hitimisho

Maisha ya Pratt yanalijibu lile swali la mwanzo kwa kiasi. Mtoto wa mvamizi hawezi kuisimulia nchi iliyovamiwa kana kwamba ni yake, na Pratt, katika kazi zake bora, hakujidai kufanya hivyo. Alichoweza ni kuivua sare, kuwasogeza maafisa pembeni, na kumwacha mtu kama Cush aseme. Ilimchukua miaka thelathini na himaya moja iliyoporomoka kufika hapo, na njiani aliwatumia wengine, akiwamo Oesterheld, ambao hawakupata sifa zao kwa wakati.

Sehemu iliyobaki ya jibu haikuwa yake kuitoa. Vijana wa KAR waliopanda kutoka mto Juba hadi Addis Ababa mwaka 1941 nao waliyaona majangwa yale, miji ile na anguko lile, na walikuwa na lugha ya kuyasimulia. Pratt alizichora kumbukumbu zake. Kumbukumbu zao zinamsubiri msimulizi wa Kiswahili atakayezitia maneno, au mchoraji atakayezitia wino.